Bajeti ni moja tu: nianze na CRM au nianze na dashibodi?

#1 · MamaMabati · Dar es Salaam

Habari wakuu. Nina duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar, tawi moja Morogoro na jingine Dodoma. Nondo, mabati, rangi, misumari, gypsum, mabomba. Wateja wetu ni wenye maduka ya rejareja, wakandarasi wadogo, na mafundi wanaoleta matajiri wao dukani.

Mauzo yameshuka tangu mwanzoni mwa mwaka na hatukubaliani sababu. Mimi nasema wateja wanatutoroka. Mtu alikuwa anachukua mzigo kila baada ya wiki mbili, ghafla kimya, na hakuna anayempigia kumuuliza. Shemeji yangu, ambaye ni mbia, anasema hakuna haja ya kupigia watu simu kabla hatujajua bidhaa gani imeshuka na tawi lipi. Kwa hiyo mimi nataka CRM, yaani mfumo wa kutunza kumbukumbu za wateja na kuwafuatilia, yeye anataka dashibodi: Power BI, programu ya kuchora takwimu za mauzo, na skrini kubwa ukutani.

Pesa iliyopo inatosha kufanya kimoja vizuri, pamoja na malipo ya mwaka mzima. Tulichonacho sasa ni mashine ya EFD ya risiti za kodi kila tawi, kaunta buku la madeni, Excel ya mhasibu, na simu za vijana wanne wa mauzo. Mliokwisha kufanya mojawapo, mlianza na kipi, na kilileta nini?

#2 · kijana_wa_Kibo · Moshi

Naweka kambi hapa. Mimi ni duka la pembejeo lakini swali ni hilihili.

#3 · PampuNaBomba · Mwanza

Dada, anza na CRM. Nauza pampu za maji. Kijana wetu wa mauzo aliacha kazi akaondoka na laini yake ya simu, na wateja wa Geita na Sengerema wakaenda naye. Ofisini hatukuwa hata na orodha ya majina yao. Dashibodi ingeniambia mwezi uliofuata kwamba Geita imeshuka, na hilo droo ya pesa ilishaniambia.

Sasa kila mteja ana ukurasa wake kwenye mfumo: alinunua nini, lini, aliulizia nini akasema atarudi, na tarehe ya kumpigia tena. Asubuhi kila muuzaji anakuta majina ya kupigia siku hiyo. Mteja akinyamaza tunajua mapema, wakati bado anaweza kurudi.

#4 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Namheshimu #3, lakini mleta uzi ameandika kwamba hawakubaliani sababu. Ukinunua CRM leo utakuwa umeshaamua kwamba sababu ni wateja kutoroka. Umeamua kwa ushahidi gani?

Ujenzi una misimu. Dar na Morogoro kuna masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Huku Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili. Mabati yanakimbia kabla ya mvua kwa sababu kila mtu anataka kupaua. Mvua ikishika, nondo za msingi zinalala stoo. Halafu kuna Januari, pesa ya ujenzi inakwenda kwenye ada. Ukisema "tangu mwanzoni mwa mwaka" bila kulinganisha na miezi ileile ya mwaka jana na wa juzi, unaweza kuwa unalaumu wateja kwa kosa la mawingu.

Chora mistari mitatu tu: mauzo ya kila mwezi kwa kila tawi, mwaka huu juu ya mwaka jana. Baada ya hapo tenganisha nondo, mabati na rangi. Power BI Desktop unapakua bure kwenye kompyuta ya Windows, na pivot table ya Excel, jedwali la kujumlisha takwimu, inaweza kukufikisha palepale. Usilipe chochote kabla hujaona picha hiyo.

#5 · Bwana_Hesabu · Arusha

Mimi ni mhasibu na nimeona biashara za namna hii nyingi. Macho yangu yamesimama kwenye "kaunta buku la madeni".

Mama, unatoa mali kauli? Kama unatoa, wateja wako hawajatoroka, wanakukimbia. Mwenye duka la rejareja anayedaiwa halipi, na kwa kuwa halipi anaona aibu kuja kuchukua mzigo mwingine kwako, anakwenda kununua kwa taslimu kwa jirani yako. Kwenye mauzo anaonekana kama mteja aliyepotea. Kijana wa CRM akimpigia, simu haipokelewi, na mfumo unaandika "hapatikani".

Unachohitaji kwanza ni programu ya uhasibu yenye orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni: siku 30, 60, 90 na zaidi. Hiyo siyo CRM wala dashibodi.

#6 · winga_mstaafu · Kariakoo

Bwana Hesabu kila uzi lazima uufikishe kwenye madeni. Uzi wa harusi uliufikisha, wa kuku wa nyama uliufikisha, leo mabati.

#7 · Bwana_Hesabu · Arusha

Na wote walikuwa wanadaiwa.

#8 · Mpenda_Mifumo · Dar es Salaam

Mnabishana bure, siku hizi hivi vitu vimeungana. Microsoft walinunua Tableau kwa sababu hiyohiyo, CRM na michoro vikae pamoja. Chukua mfumo mmoja wenye vyote.

#9 · Fundi_Takwimu · Dodoma

#8 hapana. Tableau ilinunuliwa na Salesforce mwaka 2019, kwa takribani dola bilioni 15.7. Microsoft wana Power BI yao, iliyotoka rasmi 2015, na upande wa CRM wana Dynamics. Hoja yako lakini ina uzito: kampuni kubwa kuliko zote ya CRM iliona ripoti zake za ndani hazitoshi, ikatoa pesa zote hizo kupata chombo cha kuchora.

#10 · PampuNaBomba · Mwanza

Au uisome hivi: kampuni ya CRM ndiyo iliyokuwa na pesa ya kumnunua mchoraji.

#11 · Mpenda_Mifumo · Dar es Salaam

Asante kwa kunisahihisha #9. Basi aangalie Zoho: wana CRM, na wana Analytics yao ya kuchora. CRM yao ina toleo la bure la watumiaji 3.

#12 · MamaMabati · Dar es Salaam

Sisi vijana wa mauzo ni wanne!

Nimesoma yote. Fundi_Takwimu, nimemwomba mhasibu atoe mauzo ya miaka miwili kwa mwezi. Kwa haraka haraka Morogoro haijashuka kabisa, Dodoma imeshuka sana, Dar kidogo. Bwana Hesabu, ndiyo, tunatoa mali kauli, na kaunta buku limenenepa. Kwa hiyo kila mmoja wenu amepata cha kujisifia, na mimi nimezidi kuchanganyikiwa.

#13 · Mbia_Mwenza · Morogoro

Shemeji, kumbe umetuleta huku! Mimi ndiye shemeji mwenyewe wa skrini kubwa.

Nieleze upande wangu. Mimi ndiye ninayekaa Morogoro. Kila Jumamosi naulizwa "hali ikoje?" na ninajibu kwa kukumbuka. Mtu anakumbuka siku nzuri na siku mbaya, zile za katikati zinapotea. Nataka kitu ambacho sote watatu tukikiangalia tunaona jambo moja. Tumeshawahi kujaza stoo ya Dodoma gypsum kwa sababu wiki moja iliuzwa sana, na ule mzigo ulikaa mpaka ukaanza kushika unyevu. CRM isingeliona hilo.

#14 · winga_mstaafu · Kariakoo

Sasa uzi umenoga, wanafamilia wamefika wote. Leteni na mama mkwe.

#15 · karani_wa_Nakuru · Nakuru, Kenya

Hamjambo. Nataka niongeze upande ambao haujasemwa: CRM hujazwa na watu, na watu huandika kile mkubwa anataka kusoma.

Tuko kwenye agrovet, biashara ya pembejeo na dawa za mifugo, tunauzia maduka madogo vijijini. Mkubwa wetu alinunua mfumo mzuri wa CRM na akaweka sharti kila mtu wa mauzo aandike ziara kadhaa kila siku. Ziara ziliandikwa. Ukienda kwa mwenye duka anakuambia hajamwona mtu wetu tangu mvua zilizopita. Karani wa stoo ndiye aligundua, kwa sababu ziara zilikuwa nyingi na mifuko haikuwa ikitoka.

Kilichotusaidia ni ankara. Tangu eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, uanze, ankara ya mfanyabiashara anayetaka kudai gharama yake hubeba PIN, namba ya mlipakodi, ya mnunuzi. Ankara haidanganyi kirahisi kama ripoti ya ziara. Tunachukua ankara, tunazipanga kwa PIN, tunaona nani alinunua mwezi jana na mwezi huu hakununua. Orodha hiyo ndiyo tunawapa vijana wapige simu. Sijui mtaiita CRM au dashibodi.

#16 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Hiyo ndiyo njia. Bahati mbaya kwetu Tanzania EFD inatunza bidhaa, kiasi na kodi, mteja haonekani. Dada Mabati hawezi kufanya alichofanya Nakuru.

#17 · Bwana_Hesabu · Arusha

#16 hapo nakupinga. Chukua risiti ya EFD uisome vizuri. Kuna sehemu ya jina la mteja, aina ya kitambulisho, TIN (namba ya mlipakodi), hata namba ya simu. Tatizo ni kwamba kijana wa kaunta anaziruka kwa sababu foleni ni ndefu. Mkandarasi aliyesajiliwa VAT anaidai TIN yake iandikwe, maana bila hiyo hawezi kudai kodi aliyolipia manunuzi. Wenye maduka na mafundi ndio wanaopita bila jina.

Kwa hiyo taarifa ya mteja haihitaji dola. Inahitaji amri: mzigo wa jumla hautoki bila jina na namba kuandikwa.

#18 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Nimekubali, mkuu. Basi wateja wenye TIN wanaweza kuchorwa kuanzia leo.

#19 · Mwl_Jiografia · Songea

Niruhusuni niwaibie dakika chache, kwa sababu ubishi huu una umri mkubwa.

London, 1854, mtaa wa Soho, kipindupindu. Daktari John Snow alichora ramani yenye vijistari vyeusi kila nyumba iliyopata kifo, na vijistari vimejazana kuzunguka pampu ya Broad Street. Watu wa dashibodi wanaipenda sana ramani hiyo, wanasema ndiyo iliyofunga pampu. Lakini mshikio wa pampu uliondolewa Septemba 8 mwaka huo, na ramani aliichapisha baadaye. Kabla ya hapo alichukua orodha ya vifo kutoka ofisi ya usajili, akapita nyumba hadi nyumba akiuliza: mlikuwa mnachota maji wapi?

Na yaliyomsaidia zaidi ni yale yasiyokaa kwenye mpangilio. Kulikuwa na mjane aliyefariki Hampstead, mbali kabisa na pale. Ukitazama ramani tu utasema nadharia imevunjika. Alipouliza familia akaambiwa mama huyo aliyapenda maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa kila siku. Na wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu hawakufa, kwa sababu walikuwa wanakunywa bia na kiwanda kilikuwa na kisima chake.

Mama Mabati, Dodoma imeshuka na Morogoro haijashuka. Mchoro umeshakuonyesha pampu iko wapi. Aliyebaki ni wa kwenda kugonga milango.

#20 · winga_mstaafu · Kariakoo

Tulianza na nondo, tumefika kwenye kipindupindu. Mwalimu nakupa tano zako lakini.

#21 · PampuNaBomba · Mwanza

Mwalimu ametoa ushahidi upande wangu. Kuuliza watu na kuandika majibu ndiyo CRM.

#22 · Mbia_Mwenza · Morogoro

Upande wako vipi? Asingekuwa na orodha ya vifo yenye anwani, angegonga mlango upi kati ya London nzima? Orodha kwanza, milango baadaye.

#23 · Mwl_Jiografia · Songea

Nimewasomesha wanafunzi wengi na kila darasa linagawanyika hivyohivyo.

#24 · bintiPangani · Tanga

Salaam. Kabla hujalipa dola yoyote, je, vijana wako wanatumia WhatsApp Business? Programu hii ipo tangu 2018 na ina lebo: mteja mpya, oda imelipwa, anasubiri malipo, na nyingine unazotunga mwenyewe. Ina majibu ya haraka na katalogi ya bidhaa zenye picha na bei.

Mimi nauza vitambaa na mabegi. Nilinunua laini ya duka, siyo ya mtu. Muuzaji akiingia kazini anakabidhiwa simu ya duka, akitoka anaiacha. Lile la #3 haliwezi kunipata. Kila mwisho wa wiki namba mpya zinahamishiwa kwenye Google Sheets, na juu yake nimeweka Looker Studio ya kuchora ripoti, ile iliyokuwa inaitwa Data Studio mpaka 2022. Bure. Naona ni mji upi unaulizia sana na haununui. Korogwe waliulizia sana wasinunue, kumbe nauli ya mzigo ndiyo iliyowashinda. Nikazungumza na watu wa mabasi.

Kwa hiyo nina vyote viwili na gharama yangu ni bando.

#25 · Mpenda_Mifumo · Dar es Salaam

Dada wa Pangani, hongera, lakini wewe huna matawi matatu wala mali kauli. Mzigo wa mabati wa mamilioni hauwezi kukaa kwenye lebo za WhatsApp. Simu ikiibiwa leo jioni, wiki nzima ya mazungumzo hujahamisha.

Nirudi kwenye mfumo mmoja. Angalieni Odoo, ya Wabelgiji. Toleo la Community halina ada ya leseni, na ndani kuna CRM, stoo, mauzo na uhasibu. Michoro imo pia.

#26 · Bwana_Hesabu · Arusha

Uhasibu kamili haumo kwenye Community. Kule unapata ankara na malipo. Ukitaka uhasibu wenyewe unahamia Enterprise, ya kulipia kwa kila mtumiaji. Na hata Community ni bure kwenye leseni tu: seva unalipia, mtu wa kuisimika unalipia, na siku ikigoma unampigia mtu ambaye naye unamlipia. Wengi wameanza na neno "bure" wakaja kwangu na mahesabu nusu yako kwenye mfumo na nusu kwenye daftari.

#27 · Mbia_Mwenza · Morogoro

Tuongelee bei kwa uwazi. Kwenye Power BI nilikuta dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi. Tuko saba. Hiyo ni 840 kwa mwaka.

#28 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Bei hiyo ya Pro, toleo la kulipia, ilipanda Aprili 2025, sasa ni dola 14. Saba ni dola 98 kwa mwezi, 1,176 kwa mwaka. Desktop ya kuchorea inabaki bure, unalipia pale unapotaka kuwashirikisha wengine.

Na nakuonya kabla hujashawishika: kuna kitufe cha kuchapisha ripoti kwenye wavuti bila kulipia watazamaji. Watu wanakitumia kwa ajili ya skrini ya ukutani. Ripoti ikitoka kwa njia hiyo, yeyote mwenye kiungo anaiona, na ni ya umma. Nimekuta ripoti ya biashara moja, siitaji, mauzo ya kila mteja yako wazi. Mshindani anakaa tu kwake anasoma.

#29 · Sheria_Kwanza · Dar es Salaam

Hapo #28 umegusa lililonileta. Wote mnazungumza majina, namba za simu, madeni ya watu, na hakuna aliyetaja sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume inayosajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa. Kenya wana yao ya 2019. Mifumo hii mingi inatunza taarifa kwenye seva za nje ya nchi, na kusafirisha taarifa za watu nje kuna masharti yake. Mchoro wa jumla ya mauzo kwa mwezi hauna jina la mtu. CRM ni majina matupu. Mleta uzi, hiyo nayo ni gharama, iweke kwenye hesabu.

#30 · PampuNaBomba · Mwanza

Mkuu, kaunta buku nalo lina majina na madeni, liko wazi kaunta, kila fundi anayepita analichungulia.

#31 · Sheria_Kwanza · Dar es Salaam

Na hilo nalo ni kosa. Lifungie.

#32 · fundi_mpauaji · Dodoma

Jamani, mimi siyo mtu wa mifumo, mimi ni fundi. Napaua nyumba hapa Dodoma na nimesoma uzi wote kwa sababu mnatuzungumzia.

Mnatafuta kwa nini Dodoma imeshuka. Mimi simjui Mama Mabati ila nawajua mafundi. Tajiri ananipa pesa nikanunue mabati. Nina maduka matano yenye bei inayokaribiana. Nakwenda kwenye lile ambalo bati likiwa na kovu narudishiwa bila maneno, gari la kupeleka saiti linatoka siku ileile, na muuzaji ananikumbuka. Akibadilishwa muuzaji niliyezoeana naye, na mimi nahama. Hapo hakuna bei wala mvua.

Na jambo jingine: jina kwenye risiti yako ni la tajiri. Tajiri anajenga nyumba moja, hatarudi tena kwako mpaka miaka. Anayerudi ni mimi. Kwenye hizo orodha zenu mimi sipo.

#33 · MamaMabati · Dar es Salaam

Kaka fundi, ubarikiwe. Meneja wa Dodoma tulimbadilisha mwaka jana. Nimeshtuka.

#34 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Mwezi gani? Kama kushuka kumeanza mwezi ule alioondoka, mstari utavunjika palepale. Kama kumeanza Januari, bado nasimama na mvua na ada.

#35 · Bwana_Hesabu · Arusha

Na meneja mpya alipokuja, alizuia mali kauli au aliiongeza? Kama alikuwa mkali kwenye madeni, mauzo lazima yashuke, na inaweza kuwa habari njema. Tazama pesa iliyoingia, usitazame mauzo peke yake.

#36 · Mbia_Mwenza · Morogoro

Alizuia. Ni mimi niliyemwambia azuie.

#37 · winga_mstaafu · Kariakoo

Mama mkwe yuko wapi?

#38 · karani_wa_Nakuru · Nakuru, Kenya

Fundi wa Dodoma amesema neno kubwa. Kwetu pia anayenunua dawa ya mahindi siyo mwenye shamba, ni kijana aliyetumwa. Mkiweka CRM, hakikisheni ina nafasi ya mtu aliyemleta mteja, siyo mteja peke yake. Mifumo mingi unaweza kuongeza sehemu yako mwenyewe. Ulizeni hilo kabla ya kulipa.

#39 · mhenga_wa_excel · Iringa

Nimechelewa. Mhasibu wa Mama Mabati anatumia Excel ya namna gani? Kama faili ni la zamani, lile la .xls, mwisho wake ni mistari 65,536. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya Uingereza ilipoteza karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwenye hesabu zake kwa sababu faili za aina hiyo zilijaa na zilizobaki zikakatwa kimyakimya. Faili la .xlsx linafika 1,048,576. Matawi matatu, risiti za miaka miwili, kila bidhaa mstari wake, 65,536 mnaweza kuzipita.

#40 · MamaMabati · Dar es Salaam

Mhasibu amekagua, ni .xlsx. Nashukuru.

Mpaka sasa mstari wa Dodoma unaonyesha hivi: ulianza kushuka kidogo kabla meneja hajaondoka, ukaporomoka Februari. Mabati yameshuka kuliko nondo. Pesa iliyoingia haijashuka sana kama mauzo. Kila mtu humu aliyetoa sababu, mstari unamkubalia nusu. Shemeji anasema ndiyo maana tunahitaji kuchora zaidi, na mimi nasema ndiyo maana tuwapigie mafundi wa Dodoma wiki hii. Bado hatujanunua kitu.

Swali langu la leo ni dogo. Nimekusanya namba kutoka simu nne na risiti. Mtu mmoja yupo kama "Hassan Moro", "Hassan Msamvu" na "Hassan Rangi". Namba moja imeandikwa 0 mwanzoni, nyingine +255, nyingine ina nafasi katikati. Nawaunganishaje?

#41 · Fundi_Takwimu · Dodoma

Usiunganishe kwa jina. Ondoa nafasi zote, halafu chukua tarakimu tisa za mwisho. Kama namba iko A2: =RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9). Zenye sifuri na zenye +255 zote zinakuwa sawa. Angalia na vistari, navyo uviondoe kwa njia hiyohiyo. Baada ya hapo Hassan mmoja atabaki mmoja.

#42 · bintiPangani · Tanga

Kama Hassan ana laini moja. Wateja wangu wengi wana Voda ya kupiga, Airtel ya bando na Yas ya kulipia. Kwangu mtu mmoja alikuwa watu watatu kwa muda mrefu.

#43 · Bwana_Hesabu · Arusha

Ndiyo maana nasema TIN.

#44 · fundi_mpauaji · Dodoma

Mimi sina TIN.

#45 · PampuNaBomba · Mwanza

Mpigieni Hassan mumuulize.